Rivolva yenye kitako si karabini

Karabini ni bunduki fupi ya kufyatulia begani, iliyokusudiwa hasa askari wa farasi. Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka nyuma ya mtutu. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanza mtu anapoona picha ya Colt ya mwaka 1860, rivolva ya kampuni ya Colt ya Marekani, iliyopachikwa kitako cha mbao, akatangaza kwamba hiyo ni karabini, na wengine wakampokea bila kuuliza.

Kitako hubadilisha namna ya kuishika silaha, hakiibadilishi silaha yenyewe. Kitako cha Colt ile kilipachikwa nyuma ya mpini, na kilipoondolewa, mpanda farasi alibaki na bastola yake ileile, mtutu wake ni inchi 8 tu. Karabini ya silinda ni kitu kingine: Colt ya 1855 ilitoka kiwandani ikiwa na kitako cha kudumu na mtutu mrefu.

Wanaozichanganya husahau ule mwanya mwembamba ulio kati ya silinda na mtutu. Kila risasi inapofyatuka, gesi ya moto na vipande vidogo vya metali huruka pembeni kupitia hapo. Mwenye bastola hadhuriki, kwa kuwa mikono yake iko nyuma ya silinda; lakini anayeishika silaha kama bunduki huupeleka mkono mmoja mbele, chini ya mtutu, na mkono huo hupitiwa na gesi hiyo. Tena baruti za enzi hizo ziliweza kuwaka katika vyumba kadhaa vya silinda, yaani matundu yanayokaa risasi, kwa pamoja, risasi zikatoka kando ya mtutu kuelekea mkono huohuo. Bunduki za silinda hazikudumu jeshini, ingawa kikosi cha 21 cha Ohio kilipigana nazo Chickamauga mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Mbishi ana haki kidogo kwa Smith & Wesson ya mwaka 1879, silaha ya silinda ambayo zilizotengenezwa hazikufika 1,000: kitako chake hutoka, lakini mtutu wake ni wa inchi 16 hadi 20, na mbele ina kishikio cha mkono wa pili. Hiyo aiite bunduki akitaka. Ile ya 1860 inatosha kuitwa rivolva yenye kitako.