Samaki Jike Aliyefumba Mdomo Haumwi

Jirani yangu hapa Uyole alimwona samaki wake jike hagusi chakula, koo limemtuna, mdomo kaufumba. Akaamini anaumwa, akamwaga dawa kwenye tangi. Kulipokucha, mayai yametapakaa mchangani, yameharibika. Iliniuma sana, maana yule mama hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa analea.

Mbuna, samaki wa miamba wa Ziwa Nyasa, ziwa hilohilo tunaloliteremkia Matema, hulea mdomoni. Dume husafisha jiwe au huchimba kishimo, kisha hutetemesha mwili mbele ya jike. Jike hutaga mayai machache, hugeuka papo hapo na kuyaokota kwa mdomo. Halafu huyadonoa madoa ya njano yaliyo kwenye pezi la chini la dume, yanayofanana kabisa na mayai. Hapo dume humwaga mbegu, na mayai hurutubishwa mlemle mdomoni. Kwa wiki tatu hivi mama hali, au anaonja kidogo tu, mpaka ateme vifaranga vinavyoogelea vyenyewe. Anachohitaji ni utulivu: usimvue, usigonge kioo.

Wapo wanaoshikilia kwamba mwenye madoa hayo lazima awe dume. Mara nyingi ndivyo, lakini majike wengi nao wanayo, hafifu zaidi.

Wengine husema: "Dume ndiye mwenye rangi." Kwa gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, sawa. Kwa mbuna, utapotea. Aina iitwayo kenyi, wadogo wote ni bluu. Jike hubaki bluu yenye mistari, na dume akikomaa hugeuka njano. Wapo pia mbuna ambao dume na jike wote ni njano. Uhakika uko tumboni, karibu na pezi la chini: tundu la uzazi la jike ni pana kuliko la dume.

"Nunua dume mmoja, jike mmoja." Kwa mbuna huo ni ukatili. Dume atamkimbiza jike kutwa nzima hadi mapezi yachanike. Mpe majike watatu au zaidi, na mawe mengi ya kujificha.

Gapi jike naye husingiziwa kwamba amezaa bila dume. Ukweli ni kwamba huhifadhi mbegu mwilini kwa miezi, hivyo huzaa tena na tena hata akiwa peke yake.

"Hawazai, nimeuziwa madume matupu." Pima maji kwanza. Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na tangi lisilo na kipasha maji hupoa nalo. Mbuna wamezoea maji ya nyuzi 24 na kuendelea. Kwenye baridi hawana hamu ya kupandana.

Jike wa jirani amefumba mdomo tena tangu Jumapili. Safari hii upande mmoja wa tangi umefunikwa kitenge, na dawa imebaki kabatini.