Buckner hakuipoteza fainali ya besiboli ya 1986: fungueni karatasi ya alama

Jumamosi iliyopita, mechi ikiwa bado haijaanza, kijana ninayemfundisha kuandika alama alinisogezea simu yake. "Mwalimu, umemwona huyu aliyewapotezea Boston kombe?" Nilijua ni nani hata kabla sijatazama. Bill Buckner, mlinzi wa besi ya kwanza wa Boston Red Sox, usiku wa tarehe 25 Oktoba 1986, uwanja wa Shea Stadium, New York, mpira unampita katikati ya miguu. Mtu alipiga hiti 2,715 (mipigo iliyomfikisha salama kwenye besi, vituo vinne vya kukimbilia), akaongoza National League, mojawapo ya ligi kuu mbili za Marekani, kwa wastani wa kupiga mwaka 1980, halafu anakumbukwa kwa sekunde chache za video. Nimeyasikia haya mara nyingi mno. Safari hii nilimwambia kijana aketi, tuandike awamu nzima ya 10 (kwa kila awamu, kila timu hupiga zamu moja) upya, mrusho kwa mrusho.

Red Sox walikuwa wanaongoza World Series, fainali ambayo bingwa ni wa kwanza kushinda mechi 4, kwa mechi 3 kwa 2 dhidi ya Mets wa New York. Tangu 1918 hawakuwa wamechukua ubingwa. Mechi ya 6 ilifika 3-3 baada ya awamu 9. Katika nusu ya kwanza ya awamu ya 10 Dave Henderson wa Boston akapiga mpira uliovuka uzio, kisha Marty Barrett akamleta Wade Boggs nyumbani, besi ya mwisho inayoleta alama. 5-3. Zamu ya Mets, na mrushaji wa Boston ni Calvin Schiraldi. Wally Backman auti. Keith Hernandez auti. Zamu huisha kwa auti tatu, kwa hiyo auti moja tu imebaki.

Hapa ndipo video ya kijana ilipaswa kuanzia. Gary Carter, hiti. Kevin Mitchell, hiti. Ray Knight akabanwa kwa straiki 2 (ya tatu ni auti) bila bolu, yaani mrusho mbaya, hata moja, kwa hiyo Boston walibakiza straiki moja wawe mabingwa, naye akapiga hiti, Carter akafika nyumbani: 5-4. Hiti tatu mfululizo, na hakuna hata moja iliyomgusa Buckner. Meneja John McNamara akamtoa Schiraldi, akamwingiza Bob Stanley amkabili Mookie Wilson. Hesabu ikafika bolu 2, straiki 2. Kwa mara nyingine ilibaki straiki moja. Mrusho wa saba ukaenda ndani kabisa, ukamkosa mdakaji Rich Gedman, ukabingirika nyuma. Mitchell akakimbia kutoka besi ya tatu.

5-5. Naomba msimame hapo. Mechi ilikuwa tayari imesawazishwa! Uongozi ulikwisha kupotea kabla mpira wowote haujaelekea kwa Buckner. Nimewauliza watu wengi alama zilikuwa ngapi mpira ulipompita miguuni, na karibu wote hunijibu kwamba Boston walikuwa mbele. Wanabishana juu ya kosa ambalo hawajui lilitokea wakati gani.

Mrusho ule wa saba unanisumbua kuliko ule wa kumi, ambao Wilson aliupiga kuelekea kwa Buckner. Mwandika alama aliuandika WP (wild pitch, mrusho uliopotoka), lawama kwa mrushaji. Mimi nimeutazama mara nyingi na bado mkono wangu unasita. Gedman aliufuata kwa glavu badala ya kuhamisha mwili, na mdakaji wa kiwango chake huwa anaizuia mirusho ya namna ile. Wenzangu wengi wangeandika PB (passed ball, mpira uliomponyoka mdakaji). Vitabu vya mafunzo hueleza tofauti ya WP na PB kana kwamba ni mstari uliochorwa kwa rula. Ukikaa na penseli mkononi utagundua ni hukumu ya mtu mmoja aliyeona kitu kwa mara moja. Hukumu ile ingegeuka, pengine leo tungekuwa tunamwonea Gedman.

Mrusho wa kumi: mpira wa polepole kuelekea besi ya kwanza, E3 (kosa la mlinzi wa besi ya kwanza), Knight anafunga kutoka besi ya pili, 6-5. E3 naiandika bila kusita, kwa sababu ilimruhusu Knight kufika nyumbani. Ila tukisema Buckner angeudaka, je, Wilson angekuwa auti? Sina uhakika. Wilson alikuwa na mbio kali, Buckner alisimama nyuma sana ya besi na vifundo vyake vya miguu vilikuwa vibovu, na Stanley ilibidi akimbie kwenda kumpokelea mpira kwenye besi. Na hata wangempata, zawadi yao ilikuwa awamu ya 11. Kombe halikuwa mikononi mwake.

Tazameni pia safu ya mrushaji aliyepoteza: ni Schiraldi. Mitchell na Knight walifika besi kwa mirusho yake, kwa hiyo alama zao zote zinamwangukia yeye, ingawa ya Knight haihesabiki kuwa ya halali kwake, yaani haitokani na urushaji wake, kwa sababu ya kosa la Buckner.

Kwamba Buckner alicheza vibaya fainali ile, sipingi. Alipata hiti 6 katika zamu 32 za kupiga. Lakini katika Mechi za 1, 2 na 5, Boston walipokuwa mbele mwishoni, McNamara alimtoa akamwingiza Dave Stapleton kulinda besi ya kwanza. Usiku ule walikuwa mbele 5-3 na Stapleton akaachwa kwenye benchi. Na Mechi ya 1? Boston walishinda 1-0 kwa sababu mpira wa Gedman ulipita katikati ya miguu ya Tim Teufel wa Mets, Jim Rice akafunga. Kosa lile lile, fainali ile ile, na lile liliamua mechi nzima.

Halafu ilikuwepo Mechi ya 7. Tarehe 27, baada ya siku moja ya mvua. Dwight Evans na Gedman walifuatana kuvusha mipira uzio, Boston wakaongoza 3-0 hadi awamu ya 6, wakafungwa 8-5. Aliyepoteza kwenye karatasi: Schiraldi tena.

Tarehe 8 Aprili 2008 Buckner alirudi Fenway Park, uwanja wa Red Sox, kurusha mpira wa ufunguzi, akamrushia Dwight Evans. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi, naye akafuta machozi. Wengi waliuita msamaha. Neno hilo linaniuma mpaka leo. Wamsamehe nini?