Mkanda wa Msasa Ukihama, Usikimbilie Kukaza

Wiki iliyopita niliitwa katika karakana moja ya samani kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, na kwa mara nyingine nikakuta mkanda wa mashine ya msasa umehama kando ya rola zake na kula ukingo wa fremu, beringi zinalia, na fundi ananieleza kwa fahari, "Tumekaza mpaka mwisho, lakini bado unahama." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na sasa nayajibu kwa maandishi.

Kukaza na kuelekeza ni kazi mbili. Kukaza ni kuzitenganisha rola ili mkanda ushikwe na ile inayoendeshwa na mota. Kuelekeza ni kuinamisha kidogo rola ya pili ili mkanda ubaki katikati. Ukiona rola inazunguka huku mkanda umesimama chini ya ubao, umelegea, basi kaza. Mkanda unaokimbilia kando una ugonjwa mwingine, na ukiukaza utaendelea kukimbilia kule kule, ila sasa utakuwa unaua beringi na kuchana kiungo chake. Kama mashine ina springi ya kukazia mkanda, iache springi ifanye kazi yake. Katika karakana hii walikuwa wameifunga kwa waya "ili isaidike", na hivyo wakaondoa kitu pekee kilichofidia mkanda unaporefuka kwa matumizi.

Anza kwa kuchomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Vaa mkanda kwa kufuata mshale ulio mgongoni mwake, kaza kwanza, kisha uuzungushe kwa mkono. Ukishatulia, rudisha plagi, washa na kuzima mara moja, utazame unakoelekea. Geuza skrubu ya kuelekezea robo mzunguko, halafu ngoja. Hapa ndipo wengi huharibu: mkanda huitikia baada ya mizunguko kadhaa, lakini fundi mwenye haraka hugeuza tena na tena, mkanda unavuka katikati na kukimbilia upande wa pili, naye anasema mashine ni mbovu.

Kuna wakati kosa ni la mkanda wenyewe. Ukikatwa na kuungwa bila kunyooka, ukingo mmoja huwa mrefu kuliko mwingine, na hakuna skrubu itakayouponya. Kama kiungo chake kinaruhusu kuzunguka pande zote mbili, ugeuze, ukingo wa kushoto uwe kulia: kuhama kukigeuka pia, mkosaji ni mkanda, kukibaki upande ule ule, kagua rola.

Mashine ya umeme wa fezi tatu ikihamishwa, hakikisha inazunguka upande wake, kwa maana nyaya mbili zikibadilishana nafasi mota hugeuka nyuma na kukutupia ubao. Kwenye sahani ya msasa, yaani mashine ya duara bapa linalozunguka, fanyia kazi upande unaoshuka, na meza iwe karibu na sahani, milimita 2 hivi, kidole kisipate pa kuingia. Glovu vua. Barakoa vaa, hasa kwa vumbi la mvule. Vumbi la mbao limo rasmi katika orodha ya visababishi vya saratani tangu 1995. Wala usinoe chuma kwenye mashine yenye mfuko uliojaa unga wa mbao, maana cheche moja inatosha kuuwasha.

Nakiri kwamba mpaka kati ya kukaza na kuelekeza si safi kama nilivyouchora. Kila ukigusa mvutano, mwelekeo nao husogea kidogo, ndiyo maana nasisitiza kukaza kutangulie. Na kwenye mashine isiyo na springi mvutano naupima kwa kidole gumba tu; mara mbili kidole hicho kimenidanganya, na mara moja kiligharimu beringi za mteja, ambazo nilizilipia.

Pale Barabara ya Ngong mkosaji alikuwa mkanda, ukingo mmoja umezidi mwingine kwa milimita 4. Tulipovaa mwingine ukatulia kwa robo mzunguko mmoja wa skrubu. Fundi aliutazama kwa muda, akaokota ule waya sakafuni, akaniuliza kama asiurudishe kidogo tu, kwa usalama.