ADHD si uvivu: tunayoambiwa mwaloni na ukweli wake

Miaka minne iliyopita, mwezi wa tatu, nilianika mabeseni 12 ya dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Saa nne asubuhi wingu likapanda. Nililiona. Nikaondoka mbio kwenda stoo kuchukua turubai, nami nilikuwa na kila sababu ya kukimbia, maana mtaji wote ulikuwa umelala pale mchangani. Njiani simu ikaita, mteja wa Mwanga anauliza deni lake limebaki kiasi gani. Nikaingia stoo kutafuta daftari la madeni. Daftari lilikuwa chini ya risiti. Mvua ilipoanza kupiga bati nilikuwa nimekaa sakafuni napanga zile risiti kwa tarehe, turubai liko nyuma yangu.

Dagaa wakishanyeshewa kiasi kile huoza na kunuka. Niliwauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Mama mkubwa, aliyenifundisha biashara hii, hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Wingu uliliona?" Nikamjibu, nililiona mama mkubwa. "Sasa?"

Sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata nilisafiri nje ya mkoa, nikaonana na daktari wa afya ya akili, akanihoji kwa muda mrefu kuhusu utoto wangu, shule, kazi, ndoa na usingizi, akapima pia mambo mengine yanayoweza kuleta dalili kama zangu. Mwisho akaniambia nina ADHD: hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuongoza umakini wake, na kwa wengine ashindwe pia kutulia na kujizuia. Nilikuwa na miaka 34. Tangu siku hiyo nimesikia mengi kuhusu hali hii, mengi yake si kweli, na baadhi yanaumiza watu. Naandika kwa ajili ya yeyote anayeulizwa "sasa?" na kukosa la kusema.

"Ni uvivu. Angejali angefanya."

Hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mvivu anajua la kufanya na hataki. Mwenye ADHD anajua, anataka, mara nyingi anataka hadi analia, na bado kitu hakifanyiki. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayoshika nia mkononi wakati mikono inafanya kazi nyingine. Ndiyo inayokumbusha "nimekuja stoo kuchukua turubai" hata simu ikiita. Kemikali mbili zinazohusika sana katika kazi hiyo ni dopamini na noradrenalini, na kwa wenye ADHD mfumo wake haufanyi kazi kama kwa wengine. Nia inaanguka njiani. Hujui kwamba imeanguka mpaka umesikia mvua kwenye bati.

Kuna na suala la muda. Kwa wengi wetu kuna nyakati mbili tu: sasa, na siyo sasa. Marejesho ya Alhamisi ya VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, siku ya Jumatatu hayapo kabisa akilini. Alhamisi asubuhi yanakuwa moto. Niliamini miaka yote kwamba kutoka nyumbani Mwanga hadi mwaloni ni dakika kumi. Nilipopima kwa simu wiki nzima, haikupungua hata siku moja chini ya dakika 25, kwa sababu sikuwahi kuhesabu kutafuta ufunguo, kusubiri bajaji, na kusalimiana njiani. Wenzangu walisema nawadharau kwa kuchelewa. Sikuwadharau. Nilikuwa nahesabu vibaya kwa dhati.

"Mbona mpira anaangalia dakika tisini bila kupepesa?"

Kwa sababu jina lenyewe la hali hii, ambalo kwa Kiingereza linaanza na maneno "upungufu wa umakini", linapotosha. Umakini upo, tena mwingine hupita kiasi. Kinachokosekana ni usukani wake. Jambo jipya, la kusisimua, au lenye moto wa dharura linaushika umakini lenyewe. Jambo muhimu lakini la kuchosha, kama kuhesabu magunia, linahitaji uupeleke wewe, na hapo ndipo penye shida. Ndiyo maana kijana yuleyule anayeshindwa kumaliza kufua anaweza kufungua redio mbovu saa tano mfululizo na kusahau kula.

"Ni ugonjwa wa Wazungu, tena wa siku hizi za simu."

Daktari wa Uskoti, Alexander Crichton, aliandika mwaka 1798 kuhusu watu ambao akili zao haziwezi kukaa juu ya jambo moja hata wakijitahidi. Mwaka 1902 George Still, daktari wa watoto, alitoa mihadhara London kuhusu watoto wenye akili nzuri wasioweza kujizuia. Wakati huo hata redio haikuwa imeingia majumbani. Kilichokuja baadaye ni jina tu: herufi hizi nne zimetumika rasmi tangu 1987.

Tafiti zilizokusanywa kutoka mabara mbalimbali zinakadiria kwamba karibu watoto watano katika kila 100 wanayo, na watu wazima karibu wawili hadi watatu katika kila 100. Chukua darasa la watoto 80, jambo la kawaida huku kwetu: huenda wanne wanayo, wala mwalimu hakosei akisema "kuna wachache siwawezi." Kigoma wapo, Ujiji wapo, Kasulu wapo. Wanaitwa majina mengine tu: mtukutu, mzembe, kichwa maji, au mwenye jini. Nimekaa kwenye maombi, nimekunywa na kombe, kwa nia njema ya watu wanaonipenda. Simzuii mtu kuomba, mimi mwenyewe naomba. Lakini mtoto asicheleweshwe kupelekwa kwa mtaalamu kwa sababu watu wakisikia "daktari wa akili" wanafikiria kupelekwa Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, na kufungiwa.

"Ni malezi. Fimbo zingemnyoosha. Na sukari mpunguzieni."

Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kurithi kunachangia kwa kiasi cha asilimia 70 hadi 80 katika tofauti za ADHD kati ya mtu na mtu. Kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo nako huongeza uwezekano. Sukari ilichunguzwa kwa makini, na uchambuzi wa tafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 haukukuta kwamba inabadilisha tabia ya watoto. Fimbo nilipata za kutosha. Zilinifundisha kuogopa kusema nimesahau, na kwa hiyo nikajifunza kudanganya.

Malezi yana nafasi yake: nyumba yenye mpangilio na maneno ya upole humsaidia mtoto huyu sana. Lakini kusaidia ni kitu kimoja na kusababisha ni kingine, na akina mama wengi wamebeba lawama isiyo yao.

"Ni ya watoto wa kiume, na wakikua inaisha."

Mimi ni mwanamke mtu mzima. Darasani sikuwa nikiruka juu ya madawati. Nilikuwa nimetulia tuli, nimeangalia dirishani, ziwa linaonekana, na mwalimu aliandika kwenye ripoti "ana uwezo ila hajitumi." Wasichana wengi wanapitwa hivyo, kwa sababu utukutu wao uko ndani. Wapo wanaopungukiwa na dalili wakikua, lakini kwa wengi kinachoisha ni kukimbia kimbia tu; kusahau na kuahirisha kunabaki.

Hata hivyo si kila anayesahau funguo ana ADHD. Vigezo vinavyotumiwa na madaktari vinataka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane zaidi ya sehemu moja, kwa mfano nyumbani na kazini, na ziwe zinaharibu maisha kweli. Hakuna kipimo cha damu. Kukosa usingizi, sononi, wasiwasi mkali na matatizo ya tezi ya shingo vinaweza kuleta sura inayofanana, kwa hiyo usijipime kwa video fupi ya kwenye simu.

"Fanya siku 21 mfululizo, itakuwa mazoea."

Hii nimeambiwa na watu wasiopungua kumi, wote kwa upendo. Chimbuko lake ni maneno ya daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua siku zipatazo 21 kuzoea sura zao mpya. Hakuwa akizungumzia kuamka mapema wala kupanga stoo. Watafiti wa London wakiongozwa na Phillippa Lally walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: kwa wastani siku 66, lakini mwingine 18 na mwingine alikadiriwa 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukubomoa zoea. Hilo la mwisho lilinitoa machozi, kwa sababu mimi nilikuwa nikikosa siku moja naanza kuhesabu upya, na baada ya kuanza upya mara tatu naacha kabisa.

Na hao walikuwa watu wa kawaida. Kichwa chenye ADHD hakiaminiki kushika zoea peke yake. Kinachosaidia ni kulitoa kichwani na kuliweka mahali pale pale kitendo kinapofanyika.

Turubai langu haliko stoo tena. Nikianika, turubai linatangulia: limelala ukingoni mwa dagaa, upande mmoja umefungwa kwenye vigingi, upande wa pili una kamba. Kufunika ni kuvuta kamba mara moja. Na nimejifunga sentensi moja: jua likifichwa, nashika kamba. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hiyo, "likitokea hili, nafanya hili," na tafiti zimeonyesha inawasaidia hata watoto wenye ADHD. Inasaidia kwa sababu huhitaji kukumbuka. Kivuli ndicho kinachokukumbusha.

Kalamu nimeifunga kwa uzi wa nyavu kwenye mpini wa sado ninayopimia. Dagaa wa mkopo hawaingii kwenye mfuko wa mteja kabla kalamu haijaandika, maana mkono ulioshika sado tayari umeshika kalamu. Kabla ya hapo nilipoteza madeni mengi kuliko niliyokusanya.

Halafu kuna watu. Kuhesabu magunia peke yangu siwezi, nimejaribu. Jirani yangu wa mawese akileta madumu yake akakaa karibu, yeye anapanga yake, mimi nahesabu yangu, hatuzungumzi, kazi inaisha. Sijui nimshukuruje dada huyu, maana hafanyi chochote ila kuwepo. Wanawake wa mwaloni wamefanya kazi hivi tangu zamani, na mwenye ADHD ana haki ya kuomba kampani hiyo bila aibu.

"Weka kengele kwenye simu, mbona rahisi."

Kengele inasaidia ikilia wakati uko mahali pa kufanya. Ikikukuta ndani ya bajaji ikisema "lipa VICOBA" utaizima, na imekwisha. Mimi hela ya VICOBA naitenga Jumanne, siku ya kuuza magunia, naituma kwa wakala kabla sijavuka barabara.

"Dawa zinamgeuza mtu zezeta", na wengine wanasema "dawa zitamaliza kila kitu."

Zote mbili si sahihi. Dawa za kuchangamsha ubongo zimetumika kwa watoto wa aina hii tangu Charles Bradley alipozijaribu Marekani mwaka 1937, na methilifenidati, inayojulikana kwa jina la Ritalin, ni miongoni mwa zilizochunguzwa zaidi katika tiba ya akili ya watoto. Kwa wengi zinapunguza dalili. Zinaweza kupunguza hamu ya kula, kuharibu usingizi, kupandisha mapigo ya moyo, kwa hiyo daktari hupima presha na kufuatilia. Mtu akiwa zezeta, dozi au dawa haimfai, arudi kwa daktari. Usimeze ya mwenzako. Na dawa ikikaa vizuri, bado turubai halitajifunga lenyewe.

"Ukishapata mpangilio wako, umepona."

Niliamini hivyo. Kisha Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na kwa wiki mbili za mwanzo maisha yangu yalisambaratika. Nilikuwa sijui kwamba saa yangu ilikuwa ni mitumbwi. Ikifika alfajiri naamka, ikishusha naanika, nikishaanika nakunywa chai na kumeza dawa. Mitumbwi ilipokosekana hata kupiga mswaki kulipotea. Nikaelewa kwa nini kila mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika, nilikuwa naharibikiwa.

Sasa nina ratiba mbili, ya giza na ya mbalamwezi, zimeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, na ile ya mbalamwezi inaanzia kwenye adhana ya alfajiri ambayo haifungwi na yeyote. Chaki yenyewe nikishaizoea siioni tena. Mwezi uliopita nimebadili rangi na kuihamishia jikoni, juu ya debe la maji.

Mama mkubwa naye amebadilika. Zamani wingu likitanda aliniita kwa sauti kutoka kibandani kwake: "Wingu!" Nami nilikuwa naangalia juu, nalikubali kwamba ni wingu. Siku hizi anapaza sauti: "Kamba!"