Hapana Mzee, Chuo cha Marekani Hakitamlipa Binti Yako Mshahara

Simu ya nne mwezi huu. Baba wa upande wa Kapsabet, sauti imejaa furaha: "Mwalimu, nasikia wanafunzi wakimbiaji sasa wanalipwa huko Marekani. Msichana wangu atakuwa akituma ngapi kwa mwezi?" Hesabu ya ng'ombe wa gredi alikuwa ameshaipiga.

Naandika hapa ili wa tano nimtumie linki tu.

Hizo "pesa za chuo" ni pesa tatu tofauti, na mnazichanganya kama githeri. Kuna ufadhili: ada, chumba, chakula, vitabu. Wakimbiaji kama Henry Rono aliyeupata chuo cha Washington State, Suleiman Nyambui chuo cha El Paso, na Edward Cheserek chuo cha Oregon, walisoma kwa huo. Si mshahara, na sehemu ya chumba na chakula kwa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 14. Kuna NIL, iliyoruhusiwa Julai 2021, mwanamichezo anapouza jina na sura yake. Halafu kuna mgao wa mapato, huu uliowazuzua. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha maafikiano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo walikishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na tangu Julai 1 mwaka huo chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake sehemu ya mapato: kwa mwaka wa kwanza, 2025-26, hadi dola milioni 20.5.

Milioni hizo ni za chuo kizima, wazee wangu. Na hakuna televisheni inayotoa mabilioni ili ionyeshe mbio za nyika. Inayonunuliwa ni futiboli yao ile ya kofia ngumu, na mpira wa kikapu. Sehemu kubwa ya fidia ya miaka ya nyuma, ambayo maafikiano hayo yaliwapa wanamichezo waliotangulia, iligawanywa hivi: futiboli asilimia 75, kikapu cha wanaume 15, kikapu cha wanawake 5. Tano zilizobaki wanagombania waogeleaji, wacheza tenisi, warusha tufe, na binti yako. Vyuo vingi vikubwa vinagawa mapato mapya kwa kuiga hesabu hiyohiyo.

"Basi NIL je?" Hapo ndipo ninapochoka. Mtoto wako anakwenda na viza ya mwanafunzi, F-1. F-1 inamruhusu kazi ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kupigwa picha ya tangazo kwa malipo ukiwa kwenye ardhi ya Marekani ni kazi. Mwanafunzi wangu mmoja aliahidiwa dola 300 kwa video mbili za kinywaji, na moja alikuwa ameshairekodi bwenini, chupa mkononi, medali shingoni. Nikamwambia afute na asipokee hata senti. Akalia: "Mbona mwenzangu wa chumbani anapokea?" Mwenzake ana pasipoti ya Marekani. Kwa hilo sina jibu tamu zaidi.

Upenyo mmoja upo. Oscar Tshiebwe, yule wa Lubumbashi, mchezaji bora wa kikapu wa vyuo mwaka 2022, alifanya kazi za matangazo timu ya chuo chake, Kentucky, ilipokuwa Bahamas. Nje ya Marekani, sheria ya kazi ya Marekani haikufuati. Lakini huo mgao wa mapato wenyewe? Nimewauliza mawakili wawili wa uhamiaji, nikapata majibu mawili. Mmoja anauona kama mrabaha, mwingine anasema ni mshahara uliovaa kanzu. Mimi nawaambia vijana wakae kando. Huenda nawanyima haki yao, lakini aliyerudishwa nyumbani kwa kosa la viza hakimbii tena kule.

Kinachotugusa kweli ni nafasi. Zamani timu ya riadha ya wanaume ilikuwa na ufadhili 12.6, ukikatwakatwa vipande kama mkate wa matanga. Chuo kilichoingia kwenye maafikiano sasa hakina kikomo cha ufadhili ila cha watu: 17 nyika, 45 riadha. Kwa karatasi ni neema. Ila ufadhili mpya, hadi dola milioni 2.5, unahesabiwa ndani ya zile 20.5, yaani kila mkimbiaji anayeongezwa anamega sahani ya futiboli. Kocha aliyebanwa hivyo hataki kipaji cha kulea, anataka pointi msimu huu. Hao ndio wanaonipigia usiku wakiulizia vijana wetu waliokomaa. Washington State, chuo ambacho Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wake, mwaka 2025 kilifuta miruko na mitupo, kikapunguza mbio fupi, kikaegemea mbio ndefu. Watu walinipongeza. Mimi niliwawazia warusha mkuki, na yule kijana wetu atakayeumia goti mwaka wa pili huku kocha akihesabu vichwa hadi 17.

Nilipomaliza kumweleza yule baba, alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo hata kidogo hakuna?"

Nikamwambia vyuo vingine hutoa hadi dola 5,980 kwa mwaka kwa mwanamichezo anayefaulu darasani, na hizo hata wa F-1 hupewa.

"Yaani wanamlipa kwa kusoma?"

Nikamwomba anitumie matokeo ya KCSE ya msichana. Mpaka leo nasubiri.