Mwarobaini, Ngozi Yako na Baka Lisilowasha: Maswali na Majibu

Maswali haya nimeyakusanya katika chumba cha magonjwa ya ngozi ninakohudumu, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, ambako ni nadra kukuta mtaa usio na mwarobaini. Mengine hayahitaji maneno mengi. Moja kati yake ndilo linaloniletea watu ambao vidole vyao vimeshapinda, na hilo, la baka lisilowasha ambalo huenda ni ukoma, nitalijibu kwa kirefu.

Mwarobaini ni mti gani hasa?

Ni mti wenye asili ya Bara Hindi, ulioletwa kwetu na wahamiaji wa Kihindi katika karne ya 19, ukaizoea pwani kana kwamba uliota hapa tangu zamani. Jina lake la kitaalamu ni *Azadirachta indica*, na katika Ayurveda, tiba ya asili ya Wahindi, huitwa *nimba*. Sisi tuliuita mwarobaini kwa imani kwamba hutibu maradhi arobaini, imani ambayo bado hurefusha njia ya wagonjwa kufika kituoni.

Je, ni kweli kwamba unaifaa ngozi?

Unaifaa kwa kiasi chake. Majani na mbegu zake zina kemikali chungu ambazo katika maabara zimeonekana kuzuia ukuaji wa baadhi ya bakteria na fangasi na kupunguza uvimbe. Mojawapo, nimbini, ilitengwa mwaka 1942 na mkemia Salimuzzaman Siddiqui. Huko India majani yaliyopondwa pamoja na manjano yamejaribiwa kwa wagonjwa wa upele na kuleta nafuu. Wagonjwa wangu wenye vipele vya joto au tetekuwanga hunieleza kwamba maji ya majani yaliyochemshwa, yakachujwa na kupoa, huwatuliza mwasho, nami siwazuii kuoga.

Hata hivyo, kinachotokea ndani ya chupa ya maabara si lazima kitokee kwenye ngozi ya mtu. Kwa chunusi, ushahidi bado ni mdogo. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka majani, kwa sababu fangasi wake wamejificha kwenye mzizi wa nywele na hufikiwa na vidonge. Upele nao hurudi kila mara iwapo atatibiwa mtoto mmoja huku wenzake wanaolala naye kitanda kimoja wakiachwa.

Nina baka mkononi. Haliwashi wala haliumi. Je, nioge mwarobaini kwanza, nione litakavyokuwa?

Hapana. Usioge kwanza, usipake kwanza, usisubiri kwanza. Baka lililofifia kuliko ngozi yako, au lenye wekundu, ambalo haliwashi na ambalo likiguswa hisia zake ni hafifu, lichukulie kuwa ni ukoma mpaka mhudumu wa afya akupime na kukuambia kwamba sivyo.

Kipimo cha mwanzo hakihitaji mashine. Mgonjwa hufumba macho, nami huchukua pamba, nikaisokota ncha yake iwe nyembamba, kisha nikaigusisha taratibu mahali mbalimbali, naye huonyesha kwa kidole kila anapoguswa. Mama mmoja anayekaanga vitumbua alinionyesha bega, akanionyesha kiganja, akanionyesha goti. Nilipogusa katikati ya baka lililokuwa kwenye mkono wake alikaa kimya, akiwa bado amefumba macho, akisubiri nianze. Nilikuwa nimeshamgusa mara tatu.

Mama huyo hakuja kwa ajili ya baka. Alikuja kwa sababu ya jeraha la moto kwenye kidole kidogo, kidole ambacho kilikuwa kimeegemea chuma cha kukaangia na yeye hakujua mpaka aliponusa harufu. Nilipopapasa nyuma ya kiwiko chake, mshipa wa fahamu ulikuwa umevimba kama kamba, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeanza kujikunja. Baka lilikuwa na zaidi ya mwaka. Mwaka wote huo alikuwa akioga mwarobaini, tena kwa bidii, asubuhi na jioni, kama alivyoelekezwa na watu waliomtakia mema.

Lakini kama haliumi, haraka ni ya nini?

Haliumi kwa sababu mishipa ya fahamu inakufa. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili. Watu wengi huhesabu kutoumwa kuwa ni dalili njema, ilhali katika ugonjwa huu hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Bakteria wa ukoma, ambao daktari Hansen wa Norway aliwatambua mwaka 1873, hupenda kukaa kwenye ngozi na kwenye mishipa ya fahamu. Hukua polepole mno, kiasi kwamba dalili huanza kuonekana kwa wastani wa miaka 5 baada ya maambukizi, na wakati mwingine hata miaka 20. Mshipa ukishaanza kudhurika, muda huwa mfupi: udhaifu wa mkono au ganzi ya mguu iliyoanza ndani ya miezi 6 iliyopita mara nyingi hupona ikiwa mgonjwa atapewa prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, chini ya uangalizi. Baada ya hapo matumaini hupungua sana. Ndiyo maana hunisikitisha, na wakati mwingine hunikasirisha, kumsikia mgonjwa akisema kwamba aliambiwa amalize kwanza siku arobaini za kuoga majani, kisha akaongezewa arobaini nyingine. Siku hizo ndizo zilizokuwa za kuuokoa mkono wake.

Mbona inasemekana Wahindi wenyewe waliutumia mwarobaini kutibu ukoma?

Maandishi ya kale ya Ayurveda yana neno *kushtha*, linalokusanya magonjwa mengi ya ngozi, kuanzia yale ya mwasho mdogo hadi ukoma, na nimba ni miongoni mwa dawa zilizoandikiwa kundi hilo lote. Waliofanya hivyo hawakuwa na kitu kingine. Leo India ndiyo nchi yenye wagonjwa wapya wengi zaidi wa ukoma duniani, na huko kwenye nchi ya nimba wagonjwa hao hutibiwa kwa vidonge vilevile tunavyovitoa sisi.

Vidonge hivyo ni vipi, na ni bei gani?

Ni mchanganyiko wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, na tangu 1995 hutolewa bure. Mwenye mabaka yasiyozidi matano kwa kawaida hutumia kwa miezi 6. Mwenye mengi zaidi, miezi 12. Kila pakiti ni ya siku 28. Klofazimini huifanya ngozi iwe nyeusi kwa muda, na wapo wanaoacha dawa kwa sababu hiyo. Tafadhali usiache, weusi huo huondoka taratibu baada ya kumaliza. Mgonjwa aliyeanza dawa huacha kuambukiza mapema, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea sahani wala kumlaza chumba cha peke yake.

Je, mtoto mwenye vipele anyweshwe mafuta ya mwarobaini ili kusafisha damu?

Hapana, hata kijiko kimoja. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza kuhusu watoto wachanga waliotapika, wakasinzia, wakahema haraka na kupata degedege baada ya kunyweshwa mafuta hayo, na ini likadhurika. Aliyekwisha kunyweshwa apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe. Wajawazito nao wasiyanywe.

Nikishaanza vidonge, naweza kuendelea kuoga majani?

Ukipenda kuoga, oga, mradi maji yamepoa na yamepimwa joto na mtu mwenye hisia, kwa maana mkono wenye ganzi hauwezi kukuambia kwamba maji yanaunguza. Usiweke majani yaliyopondwa kwenye kidonda. Loweka miguu katika maji ya kawaida kila siku, paka mafuta ikiwa bado na unyevu, kisha chunguza nyayo kama kuna malengelenge au mwiba ambao hukuuhisi. Ukishindwa kuona vizuri, mwombe mwanao akuangalizie.

Na siku ya kuja kuchukua pakiti ya pili, njoo na wote mnaoishi nyumba moja. Tutawakagua ngozi mwili mzima. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba aliye karibu na mgonjwa, akiwa na umri wa miaka 2 au zaidi na asiwe na dalili za ukoma wala za kifua kikuu, apewe dozi moja ya rifampisini ya kumkinga.