Riwaya zisizo na maneno: yale tunayozisingizia

Mpe mtu kitabu cha kurasa mia na kitu, kila ukurasa una picha moja tu nyeusi na nyeupe, maneno hamna. Atakifunua funua halafu atakwambia "aah, hiki cha watoto". Nimeshabishana na watu kuhusu hili mpaka basi, ngoja niandike yaishe.

Hiyo ya watoto ndo potofu kuliko zote. Frans Masereel, Mbelgiji aliyeanzisha huu mtindo, mwaka 1918 alitoa picha 25 alizochonga kwenye mbao, ni habari ya kijana ambaye mama yake alifukuzwa nyumbani akiwa na mimba yake, anakulia kwenye dhiki, anakuwa mfanyakazi, anaongoza wenzake kudai haki, mwisho wanamuua. Haya msomee mwanao hiyo usiku alale. Mwaka uliofuata akatoa kingine cha picha 167, na toleo lake la Kijerumani la 1926 utangulizi kaandika Thomas Mann, yule yule mwandishi mkubwa. Halafu Wanazi walipoingia madarakani vitabu vya Masereel wakavipiga marufuku, sasa kama ni katuni za watoto walikuwa wanaogopa nini?

Ya pili ni eti kwa kuwa hamna maneno basi dakika kumi umemaliza. Kukifunua utamaliza ndio, kuelewa ni habari nyingine. Chukua Lynd Ward wa Marekani, alienda kusoma Leipzig, Ujerumani, miaka ya 1920 akakutana huko na kazi ya Masereel, aliporudi kwao akatengeneza riwaya sita kati ya 1929 na 1937. Kwenye Wild Pilgrimage kurasa nyingine ni nyeusi na nyingine zina rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, na hakuna mahali anakwambia kwa nini. Unaenda mpaka katikati ndo unashtuka, kumbe nyeusi ni yanayotokea na ile nyingine ni yaliyomo kichwani mwa jamaa, inabidi urudi mwanzo. Vertigo ndo usiseme, picha 230, sehemu tatu, ya msichana inahesabu miaka, ya mzee tajiri inahesabu miezi, ya kijana inahesabu siku, na zote tatu zinaingiliana. Mi nilisoma mara mbili ndo nikaona kinachoendelea. Na hapo utaona kwamba hata "bila maneno" yenyewe sio asilimia mia, vichwa vya sura vipo, na mabango ya mtaani kwenye picha yanasomeka.

Sasa njoo kwenye ile ya "si anachora tu". Hachori bana, anachonga, na anachonga kinyume. Fikiria muhuri wa ofisini: kilichobaki juu ndo kinashika wino, kilichokatwa kinabaki cheupe. Kwa hiyo kila mstari mweupe unaouona ni mahali chuma kilipita, na giza ni ubao ambao haujaguswa, yaani jamaa anaanza na usiku halafu anatoa mwanga kidogo kidogo. Tena picha nzima inachongwa kama ya kwenye kioo, kulia iwe kushoto, la sivyo ikichapwa inatoka imegeuka. Na hamna kufuta, mkono ukiteleza ukakata pua ya mtu umeikata, labda uanze kibao kingine.

Na sio mbinu moja kama wengi wanavyodhani. Masereel alichonga ubao wa kawaida, uliopasuliwa kwa urefu wa mti, kwa hiyo mistari yake ni minene, imekaa kibabe. Ward alitumia kichwa cha gogo, pale zinapoonekana duara za mti, kwa kichuma chembamba kama cha sonara, ndo maana mawingu na misuli yake ina mistari myembamba kama nywele. Otto Nückel wa Ujerumani hata mbao hakutumia, alichonga kwenye bamba la risasi, yaani ile metali laini, sio ya bunduki.

Eti ni sanaa ya Wazungu wanaume tu? Helena Bochořáková-Dittrichová wa Chekoslovakia alikuwa anatengeneza za kwake miaka hiyo hiyo ya 1920, nyingi kuhusu maisha ya kwao tu, na mwaka 1933 vitabu vinne vya Masereel vilichapwa Shanghai, kimojawapo na utangulizi wa Lu Xun, mwandishi maarufu wa China.

Eti hazikuuzika? Gods' Man ya Ward iliingia sokoni Oktoba 1929, wiki ile ile soko la hisa la New York lilipoporomoka, ungedhani imekufa siku ya kuzaliwa, lakini ndani ya miaka minne ziliuzwa nakala zaidi ya 20,000.

Halafu hiyo Gods' Man, watu wengi wanaandika God's Man. Ile alama inakaa baada ya s, maana yake ni mtu wa miungu, sio wa Mungu. Kitabu chenye maneno ya kuhesabu kwa vidole na bado jalada tunalikosea.